Sebule Yapambwa, Jiko Lasahauliwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Imetufikia barua ya dada yetu mmoja, msomaji wa karatasi hizi, akituuliza maswali mawili; na kwa namna alivyoandika, twaona kuwa amekusudia apate hukumu ya dini, wala hakukusudia apate ushindi juu ya mumewe. Asema kuwa mumewe ameweka akiba ya fedha kwa ajili ya Sikukuu ijayo, anunue makochi mapya, abadilishe mapazia, na apake rangi sebule. Yeye amemuomba nusu ya fedha hizo zitumike jikoni, ambako hakuna dirisha ila tundu dogo la juu. Ataka litobolewe dirisha la haki, na karibu yake iwekwe meza ya watu sita, ili bwana na bibi na watoto wapate kula pamoja. Mumewe amemjibu kwa maneno matatu: wageni hawaingii jikoni. Kisha jirani akamuongezea mashaka, akamwambia kuwa kula mezani ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu, na kwamba nyumba ya Kiislamu hulia chakula juu ya mkeka. Basi dada yetu auliza: Je, meza ni haramu? Na je, yafaa kuuvunja ukuta ulio baina ya jiko na sebule, kama tuonavyo katika majumba mapya ya siku hizi?

Tulipokaa kulijibu suala hili katika darasa yetu, tulidhani kuwa ni jambo la nusu saa. Likatushika majuma mawili, kwa sababu tuliona kuwa anayeulizwa hapa si bwana huyo peke yake. Nasi tumo.

Nyumba ni neema

Kwanza ifahamike kuwa kupamba nyumba si dhambi kwa asili yake. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, amezihesabu nyumba miongoni mwa neema zake, kuwa amezifanya pahali petu pa kutulia. Na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 32, amewakemea wanaojiharamishia mapambo aliyowatolea waja wake. Lakini aya iliyo kabla yake, ya 31, imewaruhusu watu kula na kunywa, papo hapo ikawakataza israfu. Basi aya mbili hizi ni kama miimo miwili ya mlango mmoja. Mwenye kuharamisha uzuri hujigonga katika mwimo huu, na mwenye kufuja mali hujigonga katika mwimo wa pili. Na mwenye akili hupita katikati.

Tukitaka kujua njia ya katikati ni ipi, na tutazame yaliyotukia nyumbani kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.). Imepokewa na Imam Muslim kuwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alitundika kitambaa cha mapambo mlangoni wakati Mtume alipokuwa safarini. Aliporudi akakiona, akachukia, akakivuta akakipasua, na akabainisha kuwa hatukuamrishwa kuyavisha nguo mawe na udongo. Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu yake ya mwisho ndiyo isahauliwayo na wengi. Bibi Aisha alikichukua kile kitambaa akakikata, akafanya mito miwili, akaijaza makumbi ya mtende, na Mtume hakumkataza. Kitambaa ni kile kile. Kilipokuwa kimevishwa ukuta hakikupendeza. Kilipokuwa mto wa kupumzikia mwanadamu kilikubaliwa.

Twaona katika kisa hiki mizani ya kupimia kila kitu tununuacho kwa ajili ya nyumba. Tujiulize: Je, chamstarehesha nani? Kikiwa chawafaa watu wa nyumba na wageni wao kwa haja zao, hicho chatoka katika neema. Na kikiwa hakina kazi ila kutazamwa, ili mwenye nyumba asifiwe, hapo pana hatari. Na hadithi nyingine ya Imam Muslim, iliyopokewa kwa Jabir, yaonyesha mizani hiyo hiyo: kitanda cha mume, kitanda cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Tazameni jinsi Mtume alivyopima vyombo vya nyumba kwa idadi ya watu. Hakusema kitanda kiwe cha mti gani. Alihesabu nani atalala. Nasi tulipohesabu makochi ya sebule zetu, tulikuta wengi wetu wana viti vya watu kumi na mbili, na siku nyingi za mwaka havikaliwi na mtu.

Hukumu ya meza

Ama swali la meza, jawabu lake ni kuwa kula mezani ni halali, wala hapana dalili ya kuharamisha. Anayekataza hushika hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Sahihi Bukhari, kuwa Mtume hakula juu ya meza. Hadithi ni sahihi, nasi twaikubali kwa kichwa na macho. Lakini Anas ametoa habari ya maisha yalivyokuwa, hakutaja katazo. Mtume pia hakupata kula wali wa nazi, na hapana mtu wa pwani aliyeuharamisha kwa hoja hiyo. Imam Al-Ghazali, ambaye alifariki mwaka 1111, amelizungumza jambo hili katika kitabu chake Ihya Ulumuddin, katika mlango wa adabu za kula. Amesema kuwa kula juu ya kitambaa kilichotandikwa chini ni karibu zaidi na mwendo wa Mtume na unyenyekevu, lakini kula mezani hakukukatazwa, kwani si kila kilichozuka baada ya Mtume huwa ni kibaya. Kibaya ni kile kinachopinga sunna iliyothibiti. Na meza haina kazi ila kukinyanyua chakula ili kulika kwake kuwe rahisi.

Basi mwenye kutandika mkeka kwa kupenda unyenyekevu, amefanya vyema. Na mwenye kuweka meza kwa sababu mama yake mzee hawezi kukunja magoti, naye amefanya vyema, na huenda thawabu yake ikawa kubwa. Lililokatazwa waziwazi katika vyombo vya kulia ni dhahabu na fedha, kama ilivyopokewa na Hudhaifa katika Bukhari na Muslim, na katika hilo mkeka na meza ni sawasawa.

Lakini twataka kumwambia jirani wa dada yetu, kwa heshima, jambo moja. Sunna ya kula si mkeka peke yake. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume, mkono wake ulikuwa ukizunguka katika sahani, na Mtume akamfundisha alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kila mtoto katika madrasa zetu aijua hadithi hii kwa moyo. Lakini mangapi tumepita juu yake bila kuyaona! Mkono wa mtoto usingeweza kuzunguka katika sahani ya Mtume kama mtoto hakuketi penye sahani ya Mtume. Mafundisho yale yalitolewa chakulani, kwa mtoto aliyekuwa akila pamoja na mkubwa wake. Basi nyumba ambayo baba hula peke yake juu ya mkeka mzuri, na watoto wakala kona nyingine bila ya mtu wa kuwafundisha, iko mbali na sunna kuliko nyumba ambayo wote wamekusanyika kwenye meza.

Aibu yetu

Hapa ndipo yatupasa tuseme habari zetu wenyewe, kwani Waswahili wamesema kinyozi hajinyoi.

Darasa yetu hukutana kila Alhamisi usiku katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Usiku mmoja, si siku nyingi kabla ya barua hii kufika, tulikuwa katika sebule nzuri yenye zulia jipya, tukisoma mlango wa adabu za kula, na tulikuwa tumefika kwenye hadithi ile ile ya Umar bin Abi Salama. Tukaisoma, tukaisherehesha, tukaifunga darasa kwa dua. Sinia zikaletwa. Mtoto wa mwenye nyumba, umri wake kama miaka sita, akaja akasimama penye sinia ya kwanza. Wawili watatu katika sisi tukamwambia kwa sauti moja: nenda jikoni kwa mama yako. Akaenda.

Baada ya kula, mmoja wetu akainuka kwenda kunawa, na kwa kuwa bomba la ukumbini lilikuwa halitoi maji, akaelekezwa upande wa jikoni. Akapiga hodi, akajibiwa apite. Akamkuta bibi mzee, mama yake mwenye nyumba, ameketi juu ya kibao cha mbuzi, kwa kuwa hapakuwa na kiti. Mke wa mwenye nyumba amesimama karibu na jiko la makaa, macho mekundu kwa moshi. Binti awasaidiaye kazi za nyumbani ameketi sakafuni ameegemea gunia. Na yule mtoto amekwisha kulala chini, hajala. Wote walikuwa wakingoja sinia zirudi, wapate kujua kimebaki nini.

Ndugu yetu alirudi akakaa kimya. Hakusema neno usiku ule. Alitueleza wiki ya pili, na mwenye nyumba alikuwapo, naye alilia. Hatukumlaumu, kwa sababu hapana mmoja katika sisi aliyeweza kusema kuwa nyumbani kwake mambo ni mbali na hayo. Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Abu Huraira katika Bukhari na Muslim, ametuamrisha kuwa mtumishi akituletea chakula tumketishe ale nasi, na tusipomketisha basi angalau tumpe tonge moja au mbili, kwa kuwa yeye ndiye aliyestahimili joto lake na taabu ya kukitengeneza. Ikiwa hii ni haki ya mtumishi, haki ya mke ni nini? Na haki ya mama mzazi ni nini?

Waswahili humwambia aliyeoa kuwa amepata jiko. Neno hili ni la mzaha, lakini yatupasa tuone haya tukifikiri kuwa jiko lenyewe tumelikosesha hata dirisha.

Na mfano ulio mkubwa zaidi ni mwezi wa Ramadhani. Magharibi ikiadhiniwa, sisi huwa tumekwisha keti, tende ziko mbele yetu, uji umemiminwa. Mama wa nyumba huwa bado asimama penye karai, mkono mmoja una mwiko, na wa pili una tende moja aliyofungulia kwa wima. Naye amefunga kama tulivyofunga sisi, na zaidi yetu amesimama tangu alasiri penye moto. Kama penye jiko pangekuwa na meza, pengine angeketi. Na kama sisi tungekuwa kwenye meza hiyo, pengine mmoja wetu angeinuka akapindua sambusa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Bukhari, wala haina udhaifu wa kutukimbiza.

Dirisha kabla ya kochi

Wanazuoni wa misingi ya sheria wamezigawa haja za mwanadamu mafungu matatu: ya dharura, ambayo bila ya hayo maisha au dini huharibika; ya haja, ambayo bila ya hayo watu huona dhiki; na ya kupendezesha, ambayo huja baada ya hayo mawili. Tukilipima suala la dada yetu kwa kanuni hii, jawabu hutoka lenyewe. Makochi mapya badala ya makochi mazima ni katika fungu la tatu. Meza ya kukusanya jamaa ni katika fungu la pili. Na dirisha la jiko lenye moshi ni katika fungu la kwanza, kwa sababu lahusu roho za watu.

Asidhani mtu kuwa twatia chumvi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 peke yake, watu wapatao milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa maradhi yaletwayo na moshi wa majumbani, na zaidi ya 237,000 katika hao walikuwa ni watoto wasiofika miaka mitano. Moshi huo ni wa kuni, makaa na mafuta ya taa. Ni nani avutaye moshi wa jikoni? Ni yule apikaye, na yule mtoto aliye mgongoni mwake. Na makaa hata yakikosa moshi wa kuonekana hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini katika chumba kilichofungwa. Basi mwenye uwezo wa kutoboa dirisha, akaacha, akanunua pazia la sebule, na atafakari atajibu nini siku atakapoulizwa juu ya aliowachunga.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika urithi wa dunia, nyingi zilijengwa jiko lao juu kabisa, penye paa, ili joto na moshi vipande juu wala visikae vyumbani. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuwa ndefu, lakini mpangilio wake ulikuwa na hekima. Mlangoni kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni hupokewa, kisha njia hukunjwa, ili mpita njia asipenyeze jicho, kisha kiwanda chenye hewa, kisha misana, kisha ndani, penye vidaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani. Hivyo uzuri ulio bora wa nyumba uliwekwa ndani, mbele ya macho ya wenyewe. Sisi tumegeuza: uzuri tumeuweka mbele kwa ajili ya mgeni, na ndani tumebakisha masizi.

Ukuta baina ya jiko na sebule

Ama swali la pili, kuuvunja ukuta huo kwajuzu kwa sharti nne.

Sharti ya kwanza ni stara. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tutoe salamu. Na katika aya ya 58 akaamrisha hata watoto na watumishi wa ndani waombe ruhusa katika nyakati tatu. Basi nyumba iliyofunguliwa kutoka mlangoni hadi mekoni, mgeni mwanamume akiingia humkuta mwenye nyumba wa kike hana pa kukaa kwa raha. Wako waliovunja ukuta kisha mke akawa apika na buibui nyumbani kwake mwenyewe. Hii si starehe. Lakini dawa ni nyepesi: ukuta usivunjwe wote, ubakishwe kimo cha kifua, au iwekwe mashrabia ya mbao, au litundikwe pazia zito ambalo hufunguliwa wakati wa watu wa nyumbani na kufungwa wakati wa wageni. Pazia la namna hii si la kuvisha mawe nguo, kwani lina kazi.

Sharti ya pili ni usalama. Asivunje mtu ukuta kabla ya kumuita fundi mwenye elimu ya majengo, kwani kuna kuta zibebazo nyumba nzima. Na akaaye katika nyumba ya kupanga aombe idhini ya mwenye milki. Kudhuru na kudhuriana kumekatazwa katika dini yetu, na jirani wa juu ana haki ya dari lisimporomokee.

Sharti ya tatu, kazi hii isifanywe kwa deni la riba. Twajua wengi wanaochukua samani na makabati kwa malipo ya kila mwezi yenye ziada, wakala futari ya halali juu ya meza iliyonunuliwa kwa haramu. Bora meza ya mbao za zamani iliyopigwa randa kuliko hiyo. Na Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, imewasifu wale ambao katika matumizi yao hawafanyi israfu wala uchoyo.

Sharti ya nne, mapambo yasiwe na yale yanayopingana na imani. Hirizi iliyotundikwa juu ya mlango wa jiko ili kuzuia kijicho, au aya za Mwenyezi Mungu kufanywa kinga ya ukutani huku hazisomwi wala hazifuatwi, hayo yaondolewe. Kinga ya nyumba ni kuisoma Qur'ani ndani yake, na kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kuingia na wakati wa kula.

Namna ya kulipanga jiko

Dada yetu hakutuuliza mpango, lakini tuliwauliza wake zetu na dada zetu, nao ndio wajuzi. Na tuandikayo hapa ni maneno yao.

Walisema kuwa mahali pa kuwekea chakula, pa kuoshea na pa kupikia pakaribiane, ili mtu asitembee jikoni safari ya soko zima kwa kupika mchuzi mmoja. Jambo hili hata Wazungu walilichunguza. Mwaka 1926 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, msanifu wa majengo mwanamke kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alipima kazi za mama wa nyumba, akabuni jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, ambamo kila kitu chafikiwa kwa hatua chache. Majiko kama hayo yapatayo 10,000 yalijengwa. Yaliokoa hatua nyingi, lakini watu walikuja yatia ila moja: halikuenea watu wawili wafanyao kazi, na hapakuwa na nafasi ya kulia, basi mwanamke akawa peke yake ndani yake. Tuichukue faida yao, tuiache hasara yao.

Walisema meza iwe penye mwanga wa dirisha, na mbali na moto kiasi ambacho mtoto hawezi kuunyosha mkono akaufikia. Nafasi ikiwa ndogo, meza ya kukunja ukutani yatosha, na mabenchi huchukua watu wengi kuliko viti. Na isiyewezekana meza, mkeka safi na ufagiliwe pahali pake, pasiwe njia ya ndoo na magunia. Rangi ya kuta iwe nyeupe au ya kufifia, iangaze chumba na kuonyesha uchafu mapema. Rafu za wazi zifae vyombo vya kila siku, na ile seti ya sahani iliyofungwa kabatini kwa ajili ya wageni ishushwe, watoto nao wale katika sahani nzuri. Hili la mwisho lilisemwa na bibi mzee, na hatukuwa na la kumjibu.

Mtungi wa gesi usifungiwe katika kabati lisilo na tundu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo iwekwe matundu ya chini. Na usiku ufungwe kwenye mtungi wenyewe. Mtume ametuamrisha katika hadithi sahihi kuvifunika vyombo, kufunga milango na kuzima taa tulalapo, kwa kuhofia panya asije akaivuta tambi akaiunguza nyumba. Aliyeuzima moto wa jiko kabla ya kulala kwa nia ya kumfuata Mtume, amepata usalama na thawabu pamoja.

Khatima

Sasa twamwelekea bwana wa dada yetu. Ndugu yetu, umesema kuwa wageni hawaingii jikoni, na umesema kweli. Lakini walio jikoni si wageni. Ni mama wa watoto wako, nao ni watoto utakaoulizwa juu yao. Tena tusiidharau haki ya mgeni, kwani kumkirimu mgeni ni katika imani. Lakini wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akose pumzi.

Aidha mgeni hakirimiwi kwa kochi. Jabir amepokea katika Sahihi Muslim kuwa Mtume aliwauliza watu wa nyumbani kitoweo, wakamwambia hapana ila siki. Akaitaka, akala, akaisifu siki kuwa ni kitoweo chema. Na Bibi Aisha amesimulia kuwa miandamo mitatu ya mwezi ilipita, miezi miwili kamili, wala haukuwashwa moto katika nyumba za Mtume. Chakula chao kilikuwa tende na maji. Nyumba hizo, ambazo dari zake mtu aliweza kuzifikia kwa mkono, ndizo zilizotoa elimu ya dini iliyoenea duniani. Hatutaki kwa kutaja hayo kumnyima mtu raha. Twataka ajue kuwa heshima ya nyumba haikupata kutoka sebuleni.

Basi jawabu letu ni hili: meza ni halali, ukuta wajuzu kwa sharti zake, na katika fedha hizo dirisha litangulie, kisha meza, kisha kitakachobaki kiende sebuleni kwa furaha. Na ikiwa fedha hazikutosha ila dirisha, basi litobolewe dirisha, mkeka utandikwe chini yake, na bwana mwenyewe aketi juu yake.

Ama sisi, tumeafikiana kuwa siku ya darasa chakula kigawanywe jikoni kabla ya sinia kutoka, fungu la wapishi liwe la kwanza, wala lisiwe la mabaki. Na mtoto akija penye sinia apishwe aketi. Wawili katika sisi wamekwisha toboa madirisha. Mmoja amelitoa kochi lake la watu watatu akalipeleka jikoni, mama yake hulikalia. Wengine bado tumo katika kuahidi, na tumeliandika jambo hili hapa ili liwe hoja juu yetu tukisahau.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu ziwe pahali pa utulivu kwa wote waliomo ndani yake, wapishi kabla ya walaji, na asitufanye katika wale wasomao adabu za kula na hali walio nyuma ya ukuta wana njaa. Amin.

Wabillahi ttawfiq.